Indiketa inasumbua? Usikimbilie kununua flasha

Jamaa mmoja aliniletea Corolla ya miaka ya 90 akiwa na flasha tatu mpya mfukoni (kile kiboksi kinachowasha na kuzima indiketa), zote kazinunua Kariakoo. Kila akibadilisha, hali ni ileile: kulia inapiga vizuri, kushoto inapiga mbiombio. Nikafungua taa ya nyuma kushoto. Balbu imeungua, basi.

Flasha haijui kushoto wala kulia. Indiketa zina moja tu, na inahudumia pande zote mbili. Upande mmoja ukiwa mzima, iache flasha ilipo.

Tafuta testa au multimita, bisibisi, msasa laini, na kipande cha waya ulichokifunga fyuzi ya ampia 10 katikati.

Hatua ya 1: Washa, sikiliza, hesabu

Fungua swichi ya ufunguo, washa indiketa kushoto, kisha kulia, halafu hazadi (za dharura, pande zote pamoja). Zunguka gari uangalie kila taa kwa macho yako. Ile ya dashibodi isikudanganye. Indiketa nzima hupiga kati ya mara 60 na 120 kwa dakika. Hesabu kwa sekunde 15: ukipata 15 hadi 30 uko sawa.

Mbio upande mmoja, nenda hatua ya 2. Kimya pande zote huku hazadi inafanya kazi, ruka hadi ya 4. Zikiwaka bila kuzima pande zote, flasha ina kesi ya kujibu.

Hatua ya 2: Balbu

Balbu ya indiketa, mbele na nyuma, kwa kawaida ni wati 21, na ile ndogo ya ubavuni ni wati 5. Jumla 47, yaani kama ampia 4 kwenye volti 12. Mzigo huo ndio flasha inaoutegemea.

Flasha za kizamani za joto zina kipande cha metali mbili zilizobanwa pamoja. Umeme ukipita kinapata moto, kinapinda na kukata, kikipoa kinarudi. Balbu moja ikifa umeme unapungua, joto halitoshi, basi taa zinapiga polepole au zinaganda zikiwaka. Flasha za elektroniki zimetengenezwa kinyume: zikikosa balbu moja zinaongeza kasi ili dereva ashtuke. Kwa hiyo ule mbio ni taarifa, tena flasha inafanya kazi yake barabara.

Angalia pia kama kuna mtu alichomeka balbu ya wati 5 mahali pa 21. Nimeikuta mara nyingi. Na ukiweka za LED bila kubadilisha flasha ya elektroniki, utapata mbio hizohizo, maana zinakula umeme kidogo mno.

Hatua ya 3: Ethi

Ethi ni njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia bodi ya gari. Hapa ndipo magari ya zamani yanapotesa watu. Washa taa ndogo, kisha indiketa. Ukiona taa ndogo ya nyuma nayo inachezacheza pamoja na indiketa, au indiketa inawaka hafifu kama mshumaa, ethi ya taa hiyo imekufa na umeme unatafuta njia ya kurudi kupitia balbu ya jirani.

Toa soketi, angalia kutu ya kijani. Kwangua kwa msasa, kaza skrubu ya waya wa ethi kwenye bodi. Kuhakikisha, weka multimita kwenye volti: ncha moja kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye ethi ya soketi, indiketa ikiwa inawaka. Ikizidi nusu volti, bado hujamaliza kukwangua.

Hatua ya 4: Fyuzi na swichi ya hazadi

Magari mengi yana fyuzi mbili: ya indiketa, inayopata moto (umeme) ukifungua swichi, na ya hazadi, inayopata moto muda wote. Zipime kwa testa pande zote mbili. Kuitazama tu haitoshi.

Fyuzi zikiwa nzima, bonyeza swichi ya hazadi ndani nje mara kumi au zaidi. Katika magari mengi, moto wa indiketa unapita humo kabla ya kufika kwenye flasha, na swichi isiyotumika miaka inafanya uchafu ndani. Indiketa ikifufuka, umempata mwizi.

Hatua ya 5: Sasa flasha

Fuata mlio wa tik-tak chini ya dashibodi hadi uishike. Utaisikia ikigonga kidoleni. Kama imenyamaza, tafuta kiboksi kidogo chenye pini mbili au tatu karibu na boksi la fyuzi. Ing'oe.

Kwenye za Kijapani utaona B, L na E: B ni moto unaoingia, L unakwenda kwenye taa, E ni ethi. Za Kijerumani zimeandikwa 49, 49a na 31, kwa mpangilio huohuo. Swichi ya ufunguo ikiwa imefunguliwa, pima B kwenye soketi. Hakuna moto? Rudi hatua ya 4. Upo? Unganisha B na L kwa ule waya wenye fyuzi, kisha washa indiketa. *Usiguse E kwa waya huo*, utaunguza fyuzi.

Taa zikiwaka bila kupiga, pande zote mbili, nyaya na swichi ya usukani ni nzima. Pima na ethi ya pini E. Ikiwa nzuri, flasha ndiyo mbovu. Zisipowaka, tatizo liko mbele, mara nyingi kwenye swichi ya usukani.

Kabla ya kuitupa ile ya elektroniki, bandua kifuniko uangalie risasi ya kulehemu kuzunguka pini. Ukiona ufa mwembamba kama unywele, lehemu upya. Ya joto haitengenezeki.

Ukinunua, linganisha herufi za pini na wati zilizoandikwa, si umbo tu. Ukishaichomeka, ijaribu injini ikiunguruma bila kukanyaga mafuta, taa kubwa zinawaka na mguu uko kwenye breki. Ethi uliyoikaza nusunusu itajitokeza hapohapo.