Pikapu inadunda nyuma ikipanda mlima? Usikimbilie kuongeza springi

Hapa Uyole, Mbeya, pikapu ikianza kudunda nyuma, tajiri mwenye gari anataka aongezewe bamba la springi, basi. Mimi hukataa mpaka nimsikie dereva. Magari yanayokuja na shida hii mengi ni Hilux na Land Cruiser za viazi, na dereva akihojiwa vizuri atakwambia gari halidundi likishuka na lumbesa, yale magunia yaliyojazwa kupita kiasi. Linadunda likipanda milima ya Uporoto likiwa tupu, kwenye kokoto au utelezi. Sasa bamba la kubebea mzigo litalisaidia nini gari lisilo na mzigo?

Tazama kinachotokea chini. Injini inapoyazungusha magurudumu kwenda mbele, ganda la difu, lile tumbo la chuma katikati ya ekseli ya nyuma, nalo linasukumwa kuzunguka kinyume, na pua yake, pale inapoingia propela (shafti inayotoka kwenye gearboksi), inataka kuinuka. Kinacholizuia ni springi peke yake. Na nguvu hiyo si ya mchezo: chukua injini ya Nm 200 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kuzungusha), gia ya kwanza yenye uwiano wa 4, difu yenye uwiano wa 4, unapata Nm 3,200 kwenye ekseli. Springi inajikunja umbo la S. Nusu ya mbele inakandamizwa kana kwamba imebeba mzigo, nusu ya nyuma inavutwa mpaka bamba mama, lile refu la juu linaloshikwa kwenye chesisi, linataka kuachana na wenzake. Tairi likiteleza, springi inafyatuka na kurudi, tairi linaruka, linashika tena, springi inajikunja upya. Wanaolipa gharama ni krosi za propela (viungo vya kwenye ncha zake), senta bolti inayoyapita mabamba katikati, na mwishowe bamba mama lenyewe.

Kuna kipimo wanachokipenda mafundi: vuta hendibreki, tia gia, achia klachi kidogo, mwenzako achungulie chini. Hakionyeshi kitu. Hendibreki ya magari haya inakamata magurudumu ya nyuma na imefungwa kwenye ekseli ileile, kwa hiyo injini inalisukuma ganda huku na breki inalisukuma kule, ugomvi unaishia humohumo. Peleka gari palepale linapodundia. Piga alama ya rangi nyeupe kwenye pua ya difu, utingo asimame pembeni, mbali na mstari wa magurudumu, arekodi kwa simu. Ukiirudia video taratibu utaona pua ikipanda na kushuka. Kama pua imetulia na tairi tu ndilo linalorukaruka, tazama shokapu na upepo.

Upepo wenyewe ni ugonjwa mkubwa wa magari ya viazi. Tairi linajazwa kwa ajili ya lumbesa, halafu gari linapanda tupu na matairi magumu kama mawe. Kwenye magari mengi kibandiko cha mlango wa dereva kinaonyesha upepo wa gari tupu na wa gari lenye mzigo. Fuata cha gari tupu wakati wa kupanda, jaza tena kabla ya kupakia. Najua ni usumbufu. Pampu ndogo ya kuchomeka kwenye betri inaumaliza.

Halafu nenda kwenye vibanio, zile pete za chuma zinazoyashika mabamba pamoja mbele na nyuma ya ekseli. Hapa ndipo ninapogombana na wenzangu. Fundi akishusha springi anavikata kwa sababu bolti zake zimeshika kutu, na harudishi. Bila vibanio, springi ikivutwa bamba mama linabaki peke yake kuhimili kazi ya mabamba yote. Chongesha vipya, kaza kiasi cha kuyashika mabamba yasiachane lakini yaweze kuteleza.

Kagua bushi, zile za kwenye matundu ya ncha za springi, na sheko, vipande vinavyoining'iniza ncha moja ya springi ili iweze kusogea. Bolti za U zinazoibana springi kwenye ekseli nikishazifungua sizirudishi, maana huwa zimeshavutika. Nafunga mpya, nakaza kwa kupishana huku uzito wa gari uko kwenye magurudumu, na gari linarudi kukazwa tena baada ya safari ya kwanza ya mzigo.

Kama gari limenyanyuliwa kwa bloku kati ya ekseli na springi, zitoe. Kadiri bloku inavyokuwa ndefu ndivyo ekseli inavyopata mkono mrefu wa kuikunja springi. Bloku mbili zilizopandishwa moja juu ya nyingine siziruhusu zitoke gereji yangu. Anayetaka gari lililosimama juu anunue springi zenye mkunjo wa kutosha.

Mara nyingi dunda inaishia hapo. Ikigoma, ndipo tunatengeneza mkono wa kuizuia ekseli. Ni bomba nene, kipenyo cha mm 50 hivi na ukuta wa mm 5, linalokwenda mbele kutoka kwenye ekseli karibu na difu. Nyuma linashikwa sehemu mbili, moja juu ya ekseli na moja chini, kama pembetatu. Mbele linafika karibu na krosi ya propela ya upande wa gearboksi, na hapo lazima lining'inie kwenye sheko, si bolti moja ngumu. Springi ikibonyea ekseli husogea mbele na nyuma. Ukilibana bomba, kitu kitapasuka, na mara nyingi ni kile ulichochomelea. Mkono mmoja unatosha. Wanaofunga miwili, kila upande mmoja, wanaizuia ekseli isipinde kufuata mashimo.

Sheko hiyo ifungwe kwenye boriti imara inayounganisha pande mbili za chesisi. Kabla ya kuchomelea chomoa waya wa betri. Kwenye ekseli piga vipande vifupi, pumzisha, hamia upande mwingine, la sivyo joto litaipinda na sili zitaanza kuvuja. Springi yenyewe usiiguse kwa moto wa kuchomelea kabisa, itakatika kama biskuti.

Ukimaliza, inua chesisi kwa jeki na uiegemeze kwenye stendi, ekseli ining'inie, uone kama sheko bado ina nafasi. Kisha shusha, pakia magunia, chungulia tena. Sheko ikilala hadi mwisho upande wowote, kata bomba na upime upya kabla dereva hajapewa ufunguo.