SOMO: Kupima mabadiliko ya utamaduni kwa kuhesabu maneno

Somo hili ni la mwanafunzi wa sosholojia, anthropolojia au historia. Kuhesabu ni kazi ya dakika chache. Kinachoangusha wengi ni kutojua wanahesabu ndani ya nini.

1. Punguza swali. "Utamaduni umebadilikaje?" halipimiki. Hili linapimika: waandishi wa Kiingereza walianza lini kuvipa namba vita vya 1914–1918, ambavyo mwanzoni waliviita Vita Vikuu tu?

2. Ichunguze kopasi, yaani mkusanyiko wa maandishi unaohesabu ndani yake. Zana ya Ngram ya Google, inayoonyesha neno limetumika kiasi gani vitabuni mwaka hadi mwaka, ilifunguliwa 2010. Utafiti uliochapishwa 2011 kwa data hiyo ulitumia vitabu zaidi ya milioni 5, takriban 4% ya vitabu vyote vilivyowahi kuchapishwa. Ni vingi, lakini kila kitabu huhesabiwa mara moja: kilichosomwa na mamilioni na kilichooza ghalani vina uzito sawa. Tena, maandishi ya kisayansi yaliongezeka mno humo katika karne ya 20, kwa hiyo neno la mapenzi au la dini linaweza kushuka kwa sababu tu limezidiwa na majedwali ya maabara. Kabla ya 1800 kuna tatizo jingine: "s" ndefu ya machapa ya zamani husomwa na kompyuta kama "f". Anzia 1800.

3. Tumia uwiano. Gawanya idadi ya neno kwa jumla ya maneno ya mwaka huo, kisha zidisha kwa milioni. Neno lililotokea mara 300 katika maneno milioni 20 lina 15 kwa milioni. Likitokea mara 450 katika milioni 45, ni 10. Idadi imepanda, matumizi yameshuka.

4. Weka maneno ya kulinganishia, matatu hadi matano, usiyoyategemea kubadilika. Yakipanda pamoja na neno lako, kilichobadilika ni kopasi.

5. Zima ulainishaji. Ngram huanza na 3, yaani kila mwaka ni wastani wa miaka saba: wenyewe, mitatu kabla na mitatu baada. Neno lililozaliwa 1939 litaonekana limeanza 1936! Ukitafuta mwaka wa tukio, weka 0.

6. Soma kwa macho. Chukua sentensi 100 zenye neno lako kwa bahati nasibu, wasomaji wawili waziainishe kwa maana ya neno, kila mtu peke yake. Kappa (kipimo cha wasomaji wanavyokubaliana zaidi ya bahati tu; 1 ni kukubaliana kabisa) ikiwa chini ya 0.6, andika upya maelezo ya makundi kabla ya kuendelea. Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, na ndiyo ningeikagua kwanza kwenye tasnifu.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwalimu, Ngram ina Kiswahili?
Haina. Anzia Kopasi ya Kiswahili ya Helsinki, au kusanya magazeti yako. Ila jihadhari na viambishi. Ukitafuta "kuolewa" pekee utakosa "ameolewa" na "wataolewa". Ukitafuta kila kinachoishia na "-olewa" utazoa "ametolewa", "kuondolewa" na "wamekombolewa". Toa orodha ya maumbo yote, ichambue kwa mkono, ndipo uhesabu.

Mkuu, machapisho ya mitandao ya kijamii si bora kuliko vitabu? Ni mengi na ni ya leo.
Wingi hauondoi upendeleo. Mwaka 2008 Google ilianza kukadiria mafua kwa yale watu wanayotafuta mtandaoni. Msimu wa 2012–2013 ikakadiria kupita kiasi. Maelezo yanayotolewa zaidi ni mawili: habari za mafua ziliwafanya hata wazima watafute, na mfumo wenyewe wa utafutaji ulikuwa ukibadilishwa. Mitandaoni ongeza akaunti za roboti na wachache wanaoandika kupindukia. Hesabu watu tofauti waliotumia neno, si machapisho.

Nikishafuta majina ya watumiaji, naweza kunukuu machapisho yao?
Bado. Nukuu ya neno kwa neno ikibandikwa kwenye injini ya utafutaji humfichua mwenyewe. Ifafanue kwa maneno yako, au omba ruhusa yake.