Somo: Kutoka msalaba wa shaba hadi Kiswahili cha Lubumbashi, kitabu kwa kitabu

Wengi wetu tukitaka kujua shaba, tunasoma vitabu vya shaba mpaka tunachoka. Mimi nimeacha. Siku hizi nafuata swali, na swali halijali mipaka ya rafu. Nawaonyesha njia niliyopita hapa Lubumbashi msimu wa mvua uliopita.

Hatua ya 1. Anza na kitu cha kushikika. "Historia ya Katanga" itakuzamisha. Mimi nilianza na msalaba wa shaba, yaani shaba iliyoyeyushwa kwa umbo la msalaba: ile mitatu iliyokuwa kwenye bendera ya Katanga ya Tshombe, jimbo letu lilipojitenga na Kongo, na tena kwenye sarafu zake za 1961. Nilitaka kujua jambo moja: zamani ulikuwa pesa au pambo?

Hatua ya 2. Kubali kuhama rafu. Maktaba nyingi hupanga vitabu kwa namba za Dewey, mpango wa tangu 1876. Humo sarafu ziko 737, uyeyushaji wa madini 669, historia ya eneo letu 967. Msalaba ni mmoja, wao wameukata vipande vitatu! Kwenye pesa za kale nilisoma juu ya makaburi ya Sanga, kule bonde la Upemba, ambako misalaba ilizikwa na wafu, na ile midogo wachimbaji wa mambo ya kale wanaihesabu kuwa pesa. Kwenye 967 nikamkuta aliyeifuata shaba hiyo kutoka mbali: Msiri, mtu wa Unyamwezi, aliyejenga ufalme wake Bunkeya mpaka msafara wa Stairs, uliotumwa kwa ajili ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, ulipomuua tarehe 20 Desemba 1891.

Hatua ya 3. Hapa ndipo penye kazi. Kabla ya kufunga kitabu, andika swali moja ambalo hakikulijibu. Muhtasari achana nao. Daftari langu lilisema: "Watu wa misafara ya biashara, ya akina Msiri, walielewana kwa lugha gani?" Kisha fungua orodha ya vitabu iliyo mwishoni, tia alama kimoja kinachogusa swali hilo. Kimoja! Zamani nilikuwa natia vitano, nikabaki na fotokopi chini ya kitanda bila kukumbuka nilikuwa natafuta nini.

Hivyo nilitoka kwenye madini nikaangukia kwa Tippu Tip, mfanyabiashara wa Zanzibar aliyesimulia maisha yake kwa Kiswahili, nayo yakachapishwa na Mjerumani Heinrich Brode mwanzoni mwa karne ya 20. Msomeni kwa jicho kali: anajisimulia mwenyewe, na waliobeba pembe zake za ndovu hawapewi nafasi ya kusema.

Swali lililobaki: Kiswahili cha misafara ndicho hiki chetu? Johannes Fabian, mwanaanthropolojia aliyefundisha chuo kikuu hapa miaka ya 1970, aliandika mwaka 1986 kwamba mambo si mepesi hivyo. Utawala wa Wabelgiji na migodi navyo vilikuwa na mkono katika kukieneza. Na kupitia kwake nikamfikia André Yav, aliyeandika mwaka 1965 historia ya mji huu kwa Kiswahili cha mji huu, akiwasemea maboyi waliofanya kazi nyumbani kwa Wazungu.

Hatua ya 4. Rudi kwenye kitu chako cha kwanza, ukitazame tena. Basi.

MASWALI

Mwana Katuba: Yaya, mimi sina kadi ya maktaba. Nanunua kando ya barabara, na pale vitabu ni lundo tu.

Jibu: Lundo halina rafu za kukufunga, mdogo wangu. Anza kurasa za mwisho kabla ya jalada. Jina likijirudia katika vitabu viwili, huyo mtafute. Na ununue hata kimoja. Muuzaji naye ana watoto.

Mama wa Kenya (mtaa wa hapa Lubumbashi): Mtoto wangu anaogopa, vitabu vyote ni Kifaransa.

Jibu: Mama, swali aliandike kwa Kiswahili, lugha anayoulizia mambo nyumbani. Kitabu kisomwe kwa lugha yake, na jibu lirudi daftarini kwa Kiswahili. Asipoweza kulirudisha, bado hajalielewa, asome tena ukurasa ule.

Mwanafunzi wa Kasapa (kule chuo kikuu): Nitajuaje kama nimepotea? Prof atasema nimetoka nje ya somo.

Jibu: Taja njia yako kwa maswali bila kutaja kitabu hata kimoja. Pesa au pambo? Nani aliifuata? Walielewana vipi? Pakitokea pengo, hapo uliruka. Na kwa kazi ya mwisho ya chuo usizidishe hatua mbili, prof wako atakuwa na haki.

Mwana Katuba: Na baada ya Yav ulikwenda wapi?

Jibu: Maboyi walipikia Wazungu, wakirudi kwao walipika nini? Niko 641, kwenye vyakula.