Kumwajiri Fundi wa Kusaga Terazo na Kusafisha Mazulia: Hatua kwa Hatua

Nyumba nyingi za zamani za Dar es Salaam, Tanga na Mombasa zina sakafu ya terazo, yaani vipande vya marumaru vilivyoshikanishwa kwa saruji kisha vikasagwa hadi vikawa tambarare. Sakafu kama hii haistahili kufunikwa kwa vigae kwa sababu tu imefifia, kwani mng'ao wake ni wa jiwe lenyewe na hurudi ikisagwa upya. Nimeandika mwongozo huu baada ya kumsaidia jirani kusimamia kazi ya sebule na korido yake.

Hatua ya 1: Ijue sakafu yako

Dondosha tone la limau mahali pasipoonekana, kwa mfano nyuma ya mlango, subiri dakika chache, kisha ufute. Terazo na marumaru halisi hubaki na alama iliyofifia, kwa kuwa asidi ya limau hula mawe yenye chokaa. Kigae cha kauri hakibadiliki. Ile sakafu nyekundu ya saruji isiguswe na mashine ya kusaga hata kidogo, maana rangi yake imo katika tabaka jembamba la juu ambalo likishaondoka halirudi. Hiyo hupakwa polishi na kusuguliwa kwa brashi, basi.

Hatua ya 2: Pima eneo

Urefu mara upana. Bei hutajwa kwa mita ya mraba. Ngazi na kingo za ukutani, ambako mashine kubwa haifiki, ziulizie kando.

Hatua ya 3: Fundi ataje namba za mawe, kisha asage kipande cha majaribio

Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia. Mawe ya kusagia hupewa namba kulingana na ukali wake: 36 na 60 hukwangua, 120 na 220 hulainisha, na kuanzia 400 kwenda juu mng'ao huanza kujitokeza. Kila jiwe hufuta mikwaruzo ya jiwe lililolitangulia, kwa hiyo fundi anayeruka kutoka 60 hadi 400 atakuachia mikwaruzo ya mviringo ambayo huioni sakafu ikiwa imelowa, kwa sababu maji huijaza, lakini hujitokeza yote asubuhi jua linapoingia dirishani kwa upande. Ndiyo maana sikubali kukagua wala kulipia sakafu iliyolowa.

Mchagulie kipande cha mita moja ya mraba pembeni mwa chumba, akisage hadi jiwe la mwisho, kikauke kabisa, kisha uiname uangalie taswira ya dirisha sakafuni. Kingo za dirisha zikionekana zimenyooka, endeleeni; zikiwa na ukungu, kuna jiwe limerukwa.

Yako mambo ya kuzingatia. Sakafu ya zamani isiyo na mashimo haihitaji kuanzia 36, kwani jiwe hilo huila bure. Kuanzia 120 mara nyingi hutosha. Ikiwa ina vitundu, lazima vizibwe kwa uji wa saruji ya rangi inayolingana baada ya usagaji wa kwanza, nao uachwe siku kadhaa ukomae, hivyo anayeahidi kumaliza nyumba nzima kwa siku moja ama hajaviona vitundu hivyo au hana nia ya kuviziba. Uliza pia kama mashine inatumia umeme wa njia tatu, ambao nyumba nyingi hazina, na mkubaliane nani atanunua uniti za LUKU.

Kuhusu dawa, nina msimamo mkali. Asidi ya kusafishia choo isiingie ndani, hata fundi akikuambia, "Ni kidogo tu, mama, ya kutoa madoa," kwa sababu itatoa doa pamoja na sakafu. Poda nyeupe ya asidi ya oksaliki, ambayo mafundi wengi huisugulia mwishoni, naikubali kwa sharti kwamba avae glavu, watoto wawe mbali, na sakafu isuuzwe vizuri, maana ni sumu. Nta siipendi kabisa: hung'arisha kwa saa moja kile ambacho jiwe lilipaswa kukifanya, kisha hunasa vumbi, hugeuka manjano na huteleza.

Hatua ya 4: Tope

Usagaji uwe wa maji, kwa kuwa vumbi la saruji likivutwa hudhuru mapafu. Tope lake lizolewe kwenye ndoo, lituame, na lisimwagwe kwenye shimo la bafuni, kwani hugandia ndani ya bomba.

Hatua ya 5: Mazulia

Yatolewe kabla mashine haijaingia, na yarudi sakafu ikishakauka. Kabla ya kukabidhi zulia, chomoa uzi mmoja uuchome nje ya nyumba: sufu hunuka kama nywele zilizoungua na majivu yake husagika vidoleni, ilhali nyuzi za plastiki huyeyuka na kuacha kidonge kigumu. Sufu na jiki havipatani, kwani klorini huiyeyusha. Kisha bana kitambaa cheupe kilicholowa juu ya kila rangi. Kikitoka na rangi, mwambie fundi asitumie maji ya moto.

Mimi huchagua mashine inayonyunyiza na kufyonza maji papo hapo kuliko kusugua kwa brashi na povu jingi, kwa kuwa sabuni isiyotoka hubaki ikivuta uchafu. Pwani, epuka masika, Machi hadi Mei, kwani zulia linalochelewa kukauka huota ukungu. Usilikunje kwa kuona juu pamekauka: geuza upande wa chini, ubandike kiganja, na ukihisi ubaridi, lirudishe mbele ya feni.