Namna ya kupanga siku ya mwisho ya likizo ndefu ugenini

Siku ya mwisho ya likizo ndefu hupangwa kinyumenyume: unaanza na saa ya ndege kuondoka, unarudi nyuma hatua kwa hatua, na muda unaosalia ndio wako wa kutembea. Mwongozo huu nimeuandika baada ya kumwelekeza ndugu yangu kwa simu alipokuwa akijiandaa kurudi, na maswali yake ndiyo yaliyonionyesha ni jambo lipi humlemea msafiri na lipi analimudu mwenyewe.

Hatua ya kwanza: isome tiketi upya jioni iliyotangulia

Usitegemee kumbukumbu, kwa kuwa tiketi ilinunuliwa zamani na huenda shirika la ndege limebadilisha saa tangu wakati huo. Anza na tarehe. Ndege iliyoandikwa tarehe 14, saa 00:30, huondoka saa sita na nusu ya usiku ulioanza jioni ya tarehe 13, hivyo anayekwenda uwanjani jioni ya tarehe 14 atakuta imeondoka karibu siku nzima iliyopita. Kisha soma jina la uwanja, si jina la mji peke yake: London ina Heathrow, Gatwick, Stansted na vinginevyo, Tokyo ina Haneda na Narita, na Istanbul ina viwanja viwili vikubwa, kimoja upande wa Ulaya na kingine upande wa Asia.

Aliye katika nchi za Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao, ahesabu pia siku zake za kukaa. Ukomo wa siku 90 ndani ya kipindi chochote cha siku 180 hujumuisha siku ya kuingia na siku ya kutoka, na viza ikitaja siku chache zaidi, hizo ndizo zinazofuatwa. Tangu tarehe 12 Oktoba 2025, mfumo wa kielektroniki ulianza kuchukua nafasi ya mihuri ya pasipoti, kwa hiyo siku iliyozidi huonekana mara moja.

Hatua ya pili: funga na upime mzigo kabla ya kulala

Nunua mzani mdogo wa kuning'iniza. Kwangu hakuna kifaa cha safari chenye faida kuuzidi, na kupima kwa kusimama na begi kwenye mzani wa bafuni ni kubahatisha. Tiketi nyingi za daraja la kawaida huruhusu kilo 23 kwa begi, na begi lililozidi kilo 32 kwa kawaida halipokelewi hata ukiwa tayari kulipia. Pawabanki ikae kwenye mkoba unaoingia nao ndani ya ndege, kamwe isiwekwe kwenye begi la chini. Kikomo cha kawaida ni wati-saa 100, na kama kipimo hicho hakikuandikwa, zidisha mAh zilizoandikwa kwa volti 3.7, kisha gawanya kwa 1,000: yenye mAh 20,000 hutoa wati-saa 74, nayo inakubalika, ingawa baadhi ya mashirika yana masharti ya ziada kuhusu kuitumia mkiwa angani.

Hatua ya tatu: kabidhi chumba mapema

Fungua sefu na droo zote, chomoa chaja ukutani, kisha acha begi mapokezi.

Hatua ya nne: chagua matembezi mamoja tu

Najua wapo wanaotaka kukamilisha orodha yote ya vivutio siku hii, nami sikubaliani nao hata kidogo. Chagua mahali pamoja, ikiwezekana pale ulipopapenda zaidi katika likizo nzima, ambapo njia ya kwenda na kurudi unaijua na huhitaji kununua tiketi yenye saa maalumu. Matembezi ya boti, milima na miji ya jirani hayafai, kwa sababu chombo kimoja kikichelewa hakuna njia ya mkato ya kurudi.

Hatua ya tano: malizia fedha za nchi

Anza na sarafu, kwa kuwa maduka ya kubadilisha fedha kwa kawaida hupokea noti tu. Ukilipa kwa kadi na mashine ikakuuliza kama unataka kukatwa kwa fedha za nchi uliyopo au za nchi ya kadi yako, chagua za nchi uliyopo, maana ukichagua nyingine utawekewa kiwango cha ubadilishaji ambacho mara nyingi ni kibaya. Baadhi ya nchi, Tunisia ikiwa mojawapo, haziruhusu fedha zao kutolewa nje. Anayetoka katika Umoja wa Ulaya na euro 10,000 taslimu au zaidi ni lazima azitangaze forodha.

Hatua ya sita: kudai kodi ya bidhaa ulizonunua

Hapa ndipo saa hupotea, na hapa ndipo ndugu yangu alipokwama, kwa hiyo nitaeleza kwa kirefu. Nchi nyingi humrudishia mgeni kodi ya ongezeko la thamani aliyolipa kwa bidhaa anazoondoka nazo, si kwa hoteli wala chakula alichokula. Uingereza haimo tena: utaratibu huo ulikoma England, Scotland na Wales tarehe 1 Januari 2021. Katika Umoja wa Ulaya bado upo kwa wakazi wa nje ya Umoja, nao unataka bidhaa ziondoke kabla ya kwisha mwezi wa tatu baada ya mwezi wa ununuzi.

Fomu hutolewa na duka, ukiwa na pasipoti, na mahali pake si uwanjani. Risiti peke yake haitoshi. Fomu hiyo haina thamani mpaka forodha waithibitishe, nao wana haki ya kutaka kuziona bidhaa zenyewe, zikiwa mpya na hazijatumika. Kwa hiyo forodha huendewa kabla ya begi kuondoka mikononi mwako, jambo ambalo msafiri aliyezoea kukimbilia kaunta ya shirika la ndege hulisahau. Kama bidhaa zimo ndani ya begi kubwa, mwambie mhudumu wa kaunta kwamba unakwenda forodha kwanza. Katika viwanja vingi atalibandika lebo na kukurudishia, ukalionyeshe, kisha ulikabidhi.

Ukiwa na ndege ya kuunganisha, mambo yanabadilika. Tuseme unatoka Roma, unapitia Paris, ndipo unatoka nje ya Umoja. Bidhaa za mkononi huthibitishwa Paris, kwa kuwa hapo ndipo mahali pa mwisho pa kutokea. Begi lililosajiliwa moja kwa moja hadi mwisho wa safari huonyeshwa Roma, kwa sababu Paris hutaliona. Mimi hupendelea kuweka bidhaa zote za kodi mahali pamoja, ama zote mkononi ama zote begini, ili foleni iwe moja.

Ufaransa ina mashine za PABLO na Hispania ina DIVA, ambazo husoma fomu yenye msimbo kwa sekunde chache. Mashine ikikukatalia, nenda dirisha la ofisa papo hapo. Malipo yenyewe yaombe yaingie kwenye kadi. Foleni ya fedha taslimu huwa ndefu, makato yake mara nyingi ni makubwa zaidi, na tayari umeshajitahidi kumaliza fedha za nchi hiyo. Piga picha ya fomu iliyothibitishwa kabla ya kuitumbukiza kwenye kisanduku cha kukusanyia fomu. Ongeza angalau saa moja kwa ajili ya hatua hii yote, na kama kiasi cha kurudishiwa ni kidogo kuliko usumbufu wake, iache.

Hatua ya saba: pita ukaguzi

Katika viwanja vingi vimiminika bado ni mililita 100 kwa chupa, vyote ndani ya mfuko mmoja wa lita moja, kanuni iliyoanza mwaka 2006. Vipo viwanja vilivyoilegeza baada ya kufunga mashine mpya za ukaguzi, lakini chupa kubwa inayopita katika uwanja wa kwanza inaweza kuchukuliwa katika uwanja wa kuunganishia. Ukishapita, jaza maji kwenye chupa tupu uliyoibeba, kisha soma namba ya lango kwenye ubao hata kama imechapwa kwenye kadi yako ya kupandia, kwa sababu lango hubadilishwa wakati wowote.