Somo: Kuisimulia Upya Hadithi ya Mrembo na Zimwi, Safari Hii Pemba

Wengi mmeniomba somo la kuandika hadithi ya mapenzi yenye miujiza kutokana na hadithi ya kale. Nimechagua Mrembo na Zimwi. Gabrielle-Suzanne de Villeneuve aliiandika Ufaransa mwaka 1740, ikiwa ndefu sana. Jeanne-Marie Leprince de Beaumont akaifupisha mwaka 1756.

Hatua ya kwanza: ibakishe mifupa mitupu. Tajiri anafilisika vyombo vyake vikipotea baharini. Bintiye mdogo anaomba zawadi ya ua tu. Baba analichuma kwenye bustani ya zimwi, na binti anakwenda kulipa deni hilo. Zimwi anamposa kila usiku, anakataliwa. Binti anaomba ruhusa kwenda kwao, anachelewa, na akirudi anamkuta mwenyeji wake anakata roho.

Hatua ya pili ndiyo kazi yenyewe: kila mfupa uupatie sababu ya kwetu. Kuwavisha watu kanzu na kofia hakutoshi. Kwa nini baba kafilisika? Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikavunja majahazi na kung'oa mikarafuu, lakini Pemba ikasalimika kwa sehemu kubwa. Basi baba yetu ni mwenye majahazi na shamba Unguja. Kalala tajiri, kaamka hana kitu. Anavuka kwenda Pemba kwa kuwa huko ndiko karafuu zilikobaki. Sababu moja imeshazaa safari nzima. Dada wakubwa wanaagiza hariri. Mdogo anataka ua la kilua la kutia kwenye kikuba chake, kile kishada cha maua na majani ya kunukia. Msomaji wa kwetu akikutana na neno kilua, harufu inamjia kabla hajamaliza sentensi.

Hatua ya tatu, zimwi. Simba hayuko Pemba, msimlete. Mpeni mabawa ya popo wa Pemba, yule mkubwa mla matunda asiyepatikana penginepo duniani. Akae kwenye magofu ya Pujini, kwa Mkama Ndume, mtawala ambaye wazee husema jina lake maana yake ni mkamua wanaume. Mchana binti haoni mtu. Magharibi ikiingia, anasikia mabawa juu ya ukuta.

Hatua ya nne ni posa, na hapa naomba mtulie. Yule zimwi wa Ufaransa anamuuliza binti mwenyewe, mezani. Kwetu posa ina mshenga na ina wazee. Zimwi hana mshenga, nani atamsemea? Mpeni kitendawili. Kila usiku, nyuma ya pazia, anasema "Kitendawili!" na binti anajibu "Tega!" Jawabu binti analijua, ila kulitamka ni kuikubali posa. Basi kila usiku anatoa mji: leo Wete, kesho Mkoani, keshokutwa Chake. Miji inapungua, na moyo unalainika. Msiharakishe hapa, ziandikeni siku hizo moja moja.

Hatua ya tano, ruhusa. Aondoke mwishoni mwa kaskazi, upepo umpeleke Unguja, arudi na kusi. Kusi liingie, majahazi yang'oe nanga, naye abembelezwe na dada zake abaki kidogo. Kosa liwe lake, si la upepo.

Maswali ya wanachama

Kutoka Wete: Mwalimu, zimwi anaweza kutuma ujumbe kwa maneno ya kanga?
Si mwaka 1872, ndugu yangu. Kanga za maandishi zilikuja baadaye. Mwachie mlangoni kikuba, au ubeti mmoja.

Kutoka Makunduchi: Mama ananikataza kuandika habari za majini, anasema ni kuyaita. Nifanyeje?
Msikilize mama. Zimwi si lazima awe jini. Awe mtu aliyemnyima maji mgeni aliyepiga hodi usiku, laana ikamshika. Huhitaji uganga hata mstari mmoja.

Kutoka Chake Chake: Mwishoni ageuke kijana mzuri?
Mabawa yaondoke ukitaka, lakini sauti ibaki ileile. Binti kaisikiliza nyuma ya pazia miezi mingi; ukiibadilisha, umempa mume asiyemjua. Na usiku ule wa kurudi, binti ndiye atege. Zimwi, taabani, aseme kwa shida: "Nakupa mji." Naye amjibu: "Mji siutaki. Nakutaka wewe."