Tafuta mati kwa kuhesabu milango

Programu yangu ya kwanza ya kutatua mafumbo ya sataranji niliiandika kwa alfa-beta, njia ya kawaida ya kupekua hatua zijazo, kama wengi. Mati (mfalme yuko kwenye cheki, yaani anashambuliwa, na hana namna ya kujiokoa) ya hatua tatu ilikuwa chapuchapu. Ya hatua nane, feni ya mpakatato ilivuma kama jenereta na jibu halikuja. Alfa-beta inashuka tawi kwa tawi hadi kina ulichoipangia, hata kama tawi lenyewe halina dalili. Fumbo la mati linauliza ndiyo au hapana tu, na kwa swali la aina hiyo siku hizi natumia utafutaji wa namba za uthibitisho, kazi ya Victor Allis na wenzake wa Uholanzi, mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Panga ubao. Mweupe: mfalme g1, malkia c4, farasi g5. Mweusi: mfalme h8, ngome d8, vitunda g7 na h7. Zamu ya mweupe, na kwa kuanzia mruhusu kucheza hatua za cheki pekee.

Kila nodi ya mti, yaani kila hali ya ubao inayoweza kufikiwa, ipe namba mbili. Ya uthibitisho inasema ni majani mangapi (nodi za mwisho, ambazo hazijafunguliwa), kwa uchache, bado yathibitishwe ili mati ipatikane. Ya ukanusho inasema mangapi yatoshe kuivunja. Anayeshambulia anahitaji hatua moja tu nzuri, kwa hiyo kwenye zamu yake chukua namba ndogo kabisa ya uthibitisho kati ya watoto, na ujumlishe za ukanusho. Kwenye zamu ya anayejitetea geuza: jumlisha uthibitisho, chukua ukanusho mdogo. Mati ni sifuri ya uthibitisho. Cheki zikiisha bila mati, uthibitisho hauna kikomo na ukanusho ni sifuri.

Jani jipya kwa kawaida hupewa moja na moja. Mimi, likiwa ni zamu ya mtetezi, uthibitisho wake naupa idadi ya milango aliyobaki nayo, yaani hatua halali. Badiliko hili dogo ndilo lililonifaa kuliko yote.

Sasa tazama. Kuna cheki mbili tu. Malkia g8 inaacha milango miwili: mfalme ale, au ngome ile. Farasi f7 inaacha mmoja, mfalme g8. Programu inaanza na farasi. Ikifungua zaidi, yaani ikiorodhesha hatua zinazofuata, inakuta cheki sita za farasi kuondoka f7, na hata iliyo bora inaacha milango miwili. Namba inapanda kutoka 1 hadi 2. Sasa matawi yamelingana, basi inakwenda kuonja lile la malkia. Mfalme anamla, farasi aliyebaki hana cheki hata moja, tawi limekufa. Inarudi kwa farasi bila kupoteza muda: h6, mfalme h8, malkia g8, ngome lazima ile, farasi f7, mati. Mfalme akikimbilia f8 badala ya h8, malkia f7 anamaliza.

Kuchagua jani la kufungua: toka kwenye mzizi, yaani hali ya mwanzo, zamu ya mshambuliaji fuata mtoto mwenye uthibitisho mdogo, zamu ya mtetezi fuata mwenye ukanusho mdogo. Fungua, kisha panda juu ukisahihisha namba.

Jihadhari na kosa lililonikula jioni nzima. Niliporuhusu hatua zisizo cheki, nilijaribu mfalme b6 na malkia c1 dhidi ya mfalme a8. Malkia c8 ni mati papo hapo. Programu ikanitangazia ushindi kwa malkia c7! Hapo mweusi hana hatua wala hana cheki, ni sare, lakini jumla ya milango isiyokuwepo ni sifuri, na sifuri nilikuwa nimeisoma kama mati. Kabla ya kuhesabu milango, uliza kwanza kama mfalme yuko kwenye cheki.

Kumbukumbu nayo italalamika, maana mti wote unakaa humo. Nodi yangu moja ni baiti 48, hivyo milioni kumi ni megabaiti 480. Ukibanwa, hamia df-pn, toleo la utafutaji huu la Ayumu Nagai wa Japani: inashuka kwa kina ikiwa na vizingiti vya namba hizo mbili, na matokeo inayaweka kwenye jedwali la heshi, ambalo huyapata tena haraka. Usiiguse kabla toleo la kawaida halijakataa c7.